Ugwadu, Ukakasi na Uchungu: Mwongozo wa Kuandaa Matunda Pori Nyumbani

Kila msimu wa ubuyu na ukwaju ukiingia, maswali ni yale yale. Nichemshe au niloweke tu? Nisage kwa blenda? Mbegu zinaliwa? Mjamzito anywe? Na lile linaloulizwa kuliko yote: ni kweli matunda haya yanaua bakteria, kwa hiyo hata maji yasipochemshwa hakuna neno?

Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, kwa simu, sokoni na kwenye kikao cha vikoba. Sasa nimeyaweka pamoja, ili anayeanza leo asirudie makosa niliyoyafanya mimi.

Nimekulia Tabora, kwenye miombo, ambako furu, mbula na matonga vilikuwa chakula chetu cha njiani tukitoka shule. Sasa naishi Dodoma, na kazi yangu ni juisi na unga wa ubuyu. Mwongozo huu ni wa jikoni. Utakachohitaji zaidi ni maji safi, sufuria inayofaa na ulimi wako.

Elewa hili kwanza

Ulimi wako unaweza kutofautisha mambo matatu, na Kiswahili kimeyapa majina matatu. Watu wengi wanayachanganya yote na kusema tunda ni "kali". Usiyachanganye, maana kila moja lina dawa yake.

*Ugwadu* ni ule uchachu wa ukwaju unaokufanya ukunje uso na mate yakujae mdomoni. Hiyo ni asidi. Asidi ni rafiki yako: vijidudu vingi havistawi ndani yake, na vitamini C hudumu vizuri zaidi mahali penye ugwadu.

*Ukakasi* ni kitu kingine kabisa. Hapa mate hayajai, yanakauka. Ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi na mashavu yanavutwa ndani. Ukila kunazi bichi au bibo la korosho utaujua mara moja. Huo ni tanini. Mti huiweka kwenye tunda bichi, ganda na mbegu ili kujikinga na wadudu, ukungu na bakteria. Tanini hufanya kazi kwa kunata: hushika protini na kuzifunga. Inashika protini za bakteria, inashika protini za mate yako (ndiyo maana mdomo unakauka), na ikifika tumboni inashika protini za maharage uliyokula pamoja na madini ya chuma. Sifa tunayoisifia na hasara tunayoiogopa ni kitu kilekile kimoja.

*Uchungu* ni onyo. Tunda pori likiwa chungu, hasa uchungu unaobaki kooni, litemee mbali. Hapo huenda kuna saponini au sumu nyingine ambazo jikoni kwako huna njia ya kuzipima.

Kuna viwili ambavyo ulimi hauwezi kukutajia. Fitati hukaa zaidi kwenye mbegu na hufunga chuma na zinki. Oksaleti hufunga kalisi (kalsiamu), na ikizidi mwilini huchangia mawe ya figo. Kwa hivi viwili itakubidi ufuate utaratibu tu, hata kama tunda ni tamu.

Kama huamini kwamba tanini hushika chuma, fanya jaribio hili. Pika chai ya rangi nzito bila sukari, imimine kwenye glasi, kamulia matone machache ya ndimu, tumbukiza msumari wenye kutu, uache hadi asubuhi. Utakuta chai imegeuka nyeusi tii. Wino wa kuandikia wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo, kwa tanini na chuma. Mwage, usinywe. Mimi nilipofanya jaribio hili mbele ya mdogo wangu, aliyekuwa mjamzito na damu yake imeshuka, aliacha kunywa chai na chakula siku hiyohiyo. Nilikuwa nimemwambia kwa maneno miezi miwili bila mafanikio.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sufuria ya stili isiyoshika kutu, au ya enameli ambayo haijabanduka. Sufuria ya alumini iweke pembeni. Sababu nitaieleza chini.
- Ndoo mbili safi zenye mifuniko, moja ya kuoshea na moja ya kulowekea.
- Mwiko wa mti.
- Chujio la matundu madogo na kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa.
- Kisu cha stili. Kisu cha chuma cha zamani kitakuachia weusi kwenye tunda lenye tanini.
- Chupa za kioo zenye mifuniko inayobana.
- Maji ya kunywa yaliyochemka na kupoa, angalau mara nne ya kiasi cha tunda.
- Kipimajoto cha chakula kama unacho. Kama huna, nitakuonyesha alama za kuangalia.

Na muda. Kuloweka hakuna njia ya mkato.

Hatua kwa hatua

1. Lijue tunda kwa jina na kwa mti wake.
Usiandae tunda ulilolitambua kwa picha ya simu peke yake. Mtafute mtu wa mahali hapo anayelila tangu utoto, akuonyeshe mti, jani, ua na tunda bivu. Muulize maswali mawili: linaliwa likiwa na rangi gani, na sehemu gani inatupwa? Wazee wetu walikuwa wanajua sehemu ya kutupa kabla ya sehemu ya kula. Na usijipe moyo kwa kuwa ndege au nyani wanalila. Tumbo lao si lako.

2. Chuma lililoiva lenyewe.
Tunda linapoiva, ukakasi wake hupungua sana, na kazi yako inapungua nayo. Ukichuma bichi ili uwahi soko, tanini yote inaingia kwenye sufuria yako. Furu lililoiva ni jeusi na laini. Ukwaju ulioiva, ganda lake linavunjika kwa vidole na nyama imeachana nalo. Buyu lililoiva ukilitikisa unasikia linacheza ndani.

3. Chambua bila huruma.
Tupa lililopasuka, lenye matundu ya wadudu, lenye ukungu au harufu ya uvundo. Usikate sehemu yenye ukungu na kutumia iliyobaki. Buyu lililopata ufa mtini likanyeshewa, ukilivunja utakuta unga wake umekuwa wa kijivu au kahawia na umeshikamana mabonge. Hilo lote ni la kutupa. Mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ukungu unaotoa sumu hiyo hauchagui nafaka tu, na sumu yenyewe haiondoki kwa kuchemsha. Hakuna ugwadu wala tanini itakayokuokoa hapo.

4. Osha kabla ya kuvunja ganda.
Hata kama ganda hulili. Kisu kikipita kwenye ganda chafu kinabeba uchafu hadi ndani. Osha kwa maji yanayotiririka, sugua, suuza kwa maji yaliyochemshwa. Mabuyu nayafuta kwa kitambaa chenye maji kisha nayaanika hadi ganda likauke, maana unga wake haupendi unyevu.

5. Onja kidogo, kisha subiri.
Weka kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kwenye ulimi. Kuna ugwadu tu? Endelea hatua ya 6. Kuna ukakasi? Endelea, lakini utaongeza hatua ya 8. Kuna uchungu? Tema, suuza mdomo, rudi hatua ya 1 ukaulize tena. Onja tunda ambalo tayari unalijua tu. Kuonja si njia ya kutambua tunda geni.

6. Loweka kwa maji yaliyochemka yakapoa hadi vuguvugu.
Kipimo changu cha ubuyu wenye mbegu ni kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji. Ukwaju uliomenywa ni kikombe 1 kwa vikombe 3 au 4, kutegemea ugwadu wake. Ubuyu unatosha nusu saa hadi saa moja. Ukwaju mkavu unataka saa mbili au tatu. Funika ndoo. Usilaze usiku kucha nje ya friji, hasa wakati wa joto. Utaamka ukute povu.

7. Tenganisha nyama na mbegu kwa mkono au mwiko. Usisage na mbegu.
Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote. Mtu anamwaga ubuyu na mbegu zake kwenye blenda "ili usipotee hata kidogo". Blenda inapasua mbegu, na mbegu ndizo zenye tanini na fitati nyingi. Juisi inakuwa ya kahawia, na ukakasi wake hauondoki hata uweke sukari kilo nzima. Nawa mikono hadi kwenye viwiko, kanda taratibu hadi mbegu zibaki wazi, kisha chuja. Chuja kwanza kwa chujio, halafu kwa kitambaa. Usikamue kitambaa kwa nguvu mwishoni. Yale matone ya mwisho ndiyo yenye ukakasi.

8. Kwa juisi yenye ukakasi tu: itulize kwa maji ya mchele.
Pika mchele kidogo kwa maji mengi hadi maji yawe mazito kama uji mwepesi, yachuje na uyapoze. Kwa kila lita 1 ya juisi mimina kama nusu kikombe, koroga, acha kwenye friji saa chache. Tanini itashikana na wanga na kushuka chini kama matope. Mimina taratibu juisi ya juu, acha matope. Njia hii inajulikana sana kwenye juisi ya mabibo ya korosho, na nimeitumia kwa matunda mengine yenye ukakasi ikanifaa. Kuongeza maziwa nako kunapunguza ukakasi, kwa kuwa tanini inakwenda kushika protini ya maziwa badala ya ulimi wako.

9. Pasha moto.
Kama una kipimajoto, fikisha nyuzi 80 hadi 85 na ushikilie hapo dakika 5. Kama huna, angalia hivi: mvuke unapanda kwa wingi, viputo vidogo vimejipanga pembeni mwa sufuria, lakini katikati bado hakujatokota. Punguza moto, hesabu dakika 5, koroga muda wote. Kama juisi ni ya watoto, mgonjwa, au ya kuuza, na huna kipimajoto, iache itokote dakika 1 kamili. Utapoteza vitamini C kiasi, lakini utalala usingizi. Usiichemshe nusu saa kama supu ya kongoro. Hapo umebaki na maji matamu yenye rangi.

Sukari, kama lazima, iweke sasa. Magadi usiweke kabisa. Najua wapo wanaotia magadi kidogo kuvunja ugwadu. Magadi yanaharibu vitamini C na yanaondoa ile asidi inayokusaidia kuhifadhi.

10. Fungasha ikiwa ya moto, poza haraka.
Chemsha chupa na mifuniko dakika 10. Mimina juisi ikiwa bado moto, funga, ilaze chupa dakika mbili ili moto uguse mfuniko, kisha poza na uweke kwenye friji. Mimi huipa siku 3. Juisi isiyopashwa moto inywewe siku hiyohiyo.

Mambo ya kila tunda

Ubuyu. Gramu 100 za unga mkavu wa ubuyu kwa kawaida zina kati ya miligramu 200 na 300 za vitamini C, wakati chungwa lina kama 50 kwa uzito huohuo. Umoja wa Ulaya uliuruhusu kuingia kwenye soko lao la vyakula mwaka 2008, na ndipo wengi wetu tukaanza kuuangalia kwa jicho lingine mti uliokuwa nyuma ya nyumba. Vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye mboga na nafaka, hata pale fitati inapokizuia. Kwa hiyo ubuyu ni mzuri *pamoja na* chakula: ugali wa mtama, mlenda au maharage, na kikombe cha ubuyu pembeni. Hii ni kinyume cha chai. Ubuyu wa rangi wa kumung'unya, wenye sukari na viungo, ni peremende. Ufurahie hivyo, lakini usiuhesabu kama huu.

Mbegu za ubuyu zinaliwa, ila si mbichi. Zina fitati, tanini na kitu kinachozuia mwili kusaga protini. Fanya hivi: loweka siku moja nzima ukibadilisha maji mara tatu, sugua nyuzi zote zitoke, chemsha saa moja na umwage hayo maji, anika hadi zikauke kabisa, kisha kaanga hadi maganda yaanze kupasuka. Twanga, pepeta maganda, tumia unga wake kidogo kwenye mboga. Usiruke kuloweka kwa kuwa "utakaanga". Moto unamaliza kile kizuizi cha protini, lakini fitati haiondoki vizuri kwa moto peke yake. Kuloweka na kuchachusha ndiko kunakoipunguza.

Ukwaju. Wengi wanadhani ugwadu wake ni vitamini C. Hapana. Ni asidi ya tatariki, na vitamini C ya ukwaju ni ndogo sana. Ni mzuri kwa ladha na kwa kuhifadhi chakula, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya ubuyu kwa mtu mwenye upungufu wa damu. Na hapa ndipo sufuria ya alumini inapoleta shida: asidi hiyo inailamba. Mara yangu ya kwanza nilichemsha ukwaju lita tano kwenye sufuria ya alumini ya harusi. Ilipopoa, juisi ilikuwa na ladha ya sarafu, na ndani ya sufuria kulikuwa kumeng'aa hadi pale juisi ilipofika, kama mtu amesugua kwa mchanga. Niliimwaga yote.

Furu. Sokoni Tabora huuzwa kwa vikombe, meusi yanang'aa. Ukakasi wake ukishaiva ni mdogo. Mimina maji ya moto, subiri yapoe, kanda, kokwa zitoke zenyewe. Usizigonge kokwa.

Matonga. Kula yakiwa ya njano kuelekea chungwa. La kijani liache. Fyonza nyama, tema mbegu, usizitafune. Mti huu ni ndugu wa ule wa Asia unaotoa sumu ya strikinini, na mbegu zake hazifai kuingia kwenye blenda kwa sababu yoyote. Mtoto mdogo asiachiwe tonga peke yake.

Mtopetope pori. Nyama ni tamu na ina harufu nzuri. Mbegu ni sumu na unga wake unaumiza macho. Toa mbegu zote kwa mkono, uzihesabu ukitaka, kabla ya kusaga nyama.

Mabungo. Wa Tanga, Pemba na Unguja hawahitaji kufundishwa. Kwa wengine: ganda lina utomvu unaonata, basi jipake mafuta ya kula mikononi kabla ya kuvunja. Kanda, chuja, endelea na hatua ya 9.

Mbilimbi si la porini, ila naulizwa sana na watu wa Pwani. Lina oksaleti nyingi mno. Kwenye achari au mchuzi halina tatizo, lakini kunywa juisi yake nzito glasi kwa glasi kwa ajili ya "kushusha lehemu" kumeshaharibu figo za watu India. Usifanye.

Na kuhusu kuua bakteria

Ni kweli kwamba matunda mengi pori, yakipimwa maabara, huzuia bakteria. Lakini tazama wanavyopima. Wanakausha tunda, ganda au mbegu, wanalisaga, wanaliloweka kwenye pombe kali kama methanoli, wanaikausha ile pombe na kubaki na kitu kizito cheusi. Wanapanda bakteria kwenye sahani ya jeli, wanatoboa tundu, wanamimina kile kizito, kesho yake wanapima kwa milimita duara ambalo bakteria hawakuota. Ni kazi nzuri, na ndipo dawa nyingine huanzia. Ila kile kizito si juisi yako, na sahani ile si utumbo wako.

Kwa hiyo, mambo matatu nakusihi.

Kwanza, ugwadu hausafishi maji machafu. Mwaka 1996 huko Marekani juisi ya tofaa (epo), nayo ina ugwadu, iliuzwa bila kupashwa moto ikiwa na E. coli. Watu zaidi ya 60 waliugua na mtoto mmoja akafa. Kama bakteria wale walivumilia asidi ya tofaa hadi wakamfikia mnywaji, usiweke matumaini yako kwenye ukwaju. Chemsha maji.

Pili, usimwachishe mtu dawa za hospitali. Taifodi, UTI, kuhara damu: hayo ni ya kwenda kupimwa. Juisi ya ubuyu ni kinywaji cha kumpa mgonjwa akiwa *anaendelea* na dawa zake.

Tatu, usiongeze ukakasi kwa makusudi ili "iwe na nguvu". Nimewahi kuletewa juisi iliyochemshwa pamoja na maganda na magome ya mti, mtu akijisifu kuwa inaua vijidudu vyote. Pengine. Lakini mtoto anayeinywa kila siku na uji wake, ile tanini inamnyang'anya chuma kila siku. Juisi yenye ukakasi uliobaki inywe katikati ya milo, saa moja au mbili kabla au baada ya kula, na iwe mbali na vidonge vya kuongeza damu.

Wa kuchukua tahadhari zaidi: mtoto chini ya miezi 6 asipewe kabisa, huyo ni wa maziwa ya mama tu. Mwenye vidonda vya tumbo aongeze maji na asinywe tumbo likiwa tupu. Mwenye kisukari anywe bila sukari. Aliyewahi kupata mawe ya figo au anayesafishwa figo amuulize daktari wake kwanza. Mjamzito anaweza kunywa ubuyu uliopashwa moto, na ni vizuri aunywe na mlo, halafu chai aisogeze mbali.

Ukitaka kuuza, usiandike neno "dawa" wala "inaua bakteria" kwenye chupa. Tangu 2019 usalama wa chakula upo chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Nenda ofisi yao ya kanda, au anzia SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, upate mafunzo ya usindikaji.

Mambo yakienda mrama

*Juisi ina ukakasi hata baada ya kuchuja.* Umekamua kitambaa sana, au tunda lilikuwa bichi, au mbegu zimepasuka. Rudi hatua ya 8. Sukari haiondoi ukakasi, inauficha tu.

*Imegeuka nyeusi au ya kijivu.* Imegusana na chuma: kisu, chujio lenye kutu, sufuria iliyobanduka enameli. Ni lile jaribio la msumari limetokea jikoni kwako. Kiasi kidogo hakidhuru, ila ladha imeharibika. Tafuta kilichokutana na juisi ukibadilishe.

*Ina ladha ya sarafu.* Sufuria ya alumini. Mwaga.

*Inatoa povu wakati wa kukoroga, na ni chungu.* Huenda ni saponini, kutoka kwenye ganda au mbegu. Mwaga, na mara nyingine menya vizuri zaidi. Povu bila uchungu, kwenye juisi iliyotoka kupikwa, mara nyingi ni hewa ya kukoroga tu, litatulia.

*Povu limetokea baada ya siku mbili na mfuniko umevimba.* Imeanza kuchacha. Usiichemshe upya ili kuiokoa.

*Ubuyu umetulia chini, juu maji.* Ni kawaida, nyama yake ina nyuzi nzito. Tikisa kabla ya kunywa.

*Unga wa ubuyu umeshikana bonge.* Umeingia unyevu. Kama rangi na harufu ni zilezile na umekaa siku chache tu, uanike juani kwenye kitambaa safi, upepete, utumie wiki hiyo. Kama umebadilika rangi au unanuka kama ghala lililofungwa, choma au fukia. Usiwape kuku, sumukuvu inawaua wao pia.

*Tumbo linasokota au kuhara baada ya kunywa ubuyu mwingi.* Una nyuzi nyingi, na tumbo ambalo halijauzoea linalalamika. Anza na nusu kikombe kwa siku. Lakini kuhara kukiambatana na homa au damu, au kukiendelea kesho yake, nenda kituo cha afya na uwaeleze ulichokunywa. Chupa iliyobaki ibebe.